Kliniki ambayo kichanga anachomwa sindano huku ananyonya

Wamama wenye vichanga na nyie mnaokaribia kujifungua, hii ni ya kwenu. Kuna kituo cha afya huku kwetu Temeke nakipa nyota nne kati ya tano (jina njoo inbox) na hizo nyota karibu zote ni kwa sababu moja tu, manesi wa pale wanajua mtoto wa siku chache anaumia na wanampunguzia maumivu bila dawa yoyote na bila kukutoza hata mia.

Wangu alipata manjano, ikabidi atolewe damu kisiginoni. Nesi hakumchukua akamlaze mezani, akaniambia mama kaa hapa uegemee, mvue abaki na nepi, muweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo na khanga halafu mpe ziwa. Nikajua anachoma hapo hapo, wala, akasubiri kwanza, anaangalia taya la mtoto linavyocheza mpaka akawa anameza vizuri kabisa ndo akachoma. Mtoto akakunja uso, akaachia ziwa, akatoa kilio kifupi akarudi kunyonya na damu bado inakamuliwa. Mi ndo nilikuwa natokwa na machozi, yeye ameshatulia.

Na sio mambo ya kubahatisha jamani. Kuna utafiti wa Boston, Marekani, ulitoka 2002, vichanga waliochomwa kisigino huku wananyonya kilio chao kilipungua kwa asilimia 91 ukilinganisha na waliolazwa tu kitandani. WHO (Shirika la Afya Duniani) nao 2015 walishasema mtoto anyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla, na apakatwe na mzazi wake.

Mzaliwa wangu wa kwanza nilimpeleka sehemu nyingine, kule mtoto unanyang'anywa, anashikwa miguu, we unaambiwa subiri nje, ukiuliza unajibiwa kadogo haka hakasikii maumivu. Hiyo imani ya zamani sana, mpaka miaka ya 1980 huko Ulaya na Marekani kuna vichanga walikuwa wanapasuliwa kwa dawa ya usingizi kidogo au bila kabisa, ndo daktari Anand na wenzake wakaonyesha kwamba mwili wa kichanga unapata mshtuko mkubwa wa maumivu. Leo hii mtu kusema hivyo kliniki inaniuma sana.

Chanjo za wiki 6 pia walinifurahisha, wanaanza na matone, yale ya rota (ya kukinga kuhara) yana utamu, halafu Penta (ya magonjwa matano) paja moja, na PCV (ya nimonia) inakuja mwisho kwa sababu ndo inauma zaidi. Kati ya sindano na sindano wanamwacha mtoto arudi kwenye ziwa.

Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya foleni, ni ndefu mno na kiti cha kuegemea kipo kimoja tu. Halafu kuna nesi mgeni alinikatalia kunyonyesha eti mtoto atapaliwa, bahati nzuri sista mkubwa akamwelekeza pale pale kwa upole, kwamba mtoto akiwa ameinuliwa kichwa na amelishika ziwa vizuri hakuna shida.

Kama hunyonyeshi usikate tamaa, kumkumbatia ngozi kwa ngozi peke yake kunasaidia sana, na hospitali nyingine wanamdondoshea maji maalum ya sukari ulimini kama dakika mbili kabla. Hayo waachie wahudumu, usikoroge nyumbani, na asali usimpe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Mkienda vaeni blauzi ya vifungo mbele, na kwenye foleni msimnyonyeshe mpaka ashibe, akifika kwenye sindano ameshashiba hataki ziwa tena.