Boksi ya visukuku: mawe mazuri, chati ndo imeniangusha

Nimekaa na hii boksi ya visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) wiki tatu sasa, naipa nyota 3 na zote ni za amonaiti, yule mnyama wa baharini wa kale mwenye gamba la kujizungusha kama la konokono. Jamani ile amonaiti! Wameikata katikati wakaisugua mpaka inang'aa, unaviona vile vyumba vya ndani kimoja baada ya kingine vimejaa kristali, na mnyama mwenyewe alikuwa anakaa kile chumba cha mwisho tu, huko nyuma kote ni gesi ya kumsaidia kuelea. Nimeigeuzageuza mpaka binti yangu akauliza kama nimelogwa. Jino la papa nalo safi, bado linakwaruza kidole.

Sasa trilobaiti, yule mdudu wa baharini wa kale mwenye gamba la pingilipingili. Nilivyoishika tu nikashtuka, nyepesi halafu haina ule ubaridi wa jiwe. Nikachukua lenzi, ona vitundu vya hewa vidogovidogo kila mahali, hiyo ni plastiki imemiminwa kwenye moldi hakuna cha kubishana. Kinachoudhi trilobaiti wala sio kitu adimu, Moroko wanazichimba kwa wingi kabisa, si bora wangeandika tu ni nakala? Nimemwandikia muuzaji, kajibu "asante kwa maoni". Haya.

Ila chati ya enzi za dunia iliyokuja na boksi ndo balaa. Wameigawa vipande vinne sawasawa, kuanzia ya kale kabisa, Prekambria, Paleozoiki, Mesozoiki, mpaka Kenozoiki tuliyomo sisi, kila mmoja na robo yake kama mirathi. Dunia ina miaka kama bilioni 4.5 na Paleozoiki imeanza juzi tu hapo, miaka kama milioni 540 iliyopita, yaani Prekambria peke yake inakula karibu asilimia 88 ya stori yote!! Halafu wamemchora dinosaria Stegosaurus anapigana na dinosaria mwenzake T. rex wakati hao wamepishana karibu miaka milioni 80, T. rex yuko jirani na sisi kuliko na huyo Stegosaurus.

Tukaitupa, tukachora yetu na binti kwenye karatasi ndefu, milimita moja ni miaka milioni moja. Imetoka mita nne na nusu, imezunguka kona ya ukuta. Kenozoiki yote sentimita 6.6. Akataka kuweka na sisi binadamu, miaka laki tatu hivi, tukashindwa, ncha ya kalamu ilikuwa nene mno.