Pizza ya 45,000 Kololo: inalipa au hailipi?

Haya jamani, karibuni. Leo nipo Kololo, Kampala, mgahawa wa Kiitaliano. Jina nalihifadhi, maana kuna mahali nitawasema.

Tuanze na pizza, ndiyo iliyonileta. Margherita, shilingi 45,000. Nyanya, jibini ya mozzarella, majani ya basil, basi. Najua kuna mtu keshaguna: "Mkate na nyanya kwa bei hiyo? Si bora nikale rolex, chapati yetu ya kuviringisha na mayai, wiki nzima?" Subiri kwanza. Ngoja nikigeuze kipande hiki mkione vizuri. Haya madoa meusi hapa chini na pembeni si kuungua, ni kazi ya tanuri la kuni. Kule Napoli, Italia, wanaoka kwa joto la karibu nyuzi 485, sekunde 60 hadi 90 tu. Ukingo unafura, katikati panabaki laini. Oveni ya nyumbani inaishia 250 hivi. Kwa hiyo hapa unalipia moto, na mkono wa anayeusimamia. UNESCO wenyewe waliuingiza ufundi huo wa Napoli kwenye orodha ya urithi mwaka 2017. Mimi 45,000 nimetoa kwa roho safi.

Sasa carbonara, 48,000. Hapa ndipo tulipokosana. Imeletwa inaogelea kwenye krimu! Carbonara ya Roma haina krimu: ni mayai, jibini ya pecorino, shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na pilipili manga. Rojo linatokana na mayai na jibini vikikutana na joto la tambi zenyewe. Nikamuuliza mhudumu kwa upole, akanijibu, "Ssebo, wateja wengi wanaipenda hivi." Sawa, sina ugomvi na wateja. Lakini tambi za krimu na bekoni hata mimi nazipika kwangu Ntinda, na 48,000 haiishi.

Espreso 10,000, sina neno. Waitaliano ni wanunuzi wakubwa wa kahawa yetu, na ile aina ya robusta huichanganya humohumo kwenye espreso zao, kwa hiyo tukikosea hapo ni aibu yetu. Maji ya chupa kutoka Italia 22,000... jamani, maji!

Halafu bili. Chini kabisa ya menyu, kwa herufi za sisimizi, wameandika bei hazina kodi. Jumla 125,000, ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 22,500, unatoka na 147,500. Kwa mtu mmoja!

Ningekuwa wewe, ningekuja na mwenzangu, tuagize pizza mbili tofauti tubadilishane vipande, na maji ya hapahapa ya 5,000 kila mtu. Pamoja na kodi ni 118,000, mmeshiba wawili. Tambi waachie wenyewe. Na kama unajua mahali hapa Kampala wanapopika carbonara bila krimu, niandikie hapo chini, nitaifuata na boda.