Kompyuta, simu au emuleta ya kuchezea Genshin? Hapa Tanga anza na joto

Mwaka jana nilitoa laki sita na nusu kwenye duka moja hapa mjini, nikapewa laptop yenye stika ya i7 na muuzaji ananihakikishia kabisa "dada hii ni ya gemu". Nilitaka nicheze Genshin Impact na mdogo wangu aliyeko Dodoma, yeye anatumia simu, na gemu lenyewe halina ubaguzi, wa simu na wa kompyuta mnakutana vizuri tu mkishafika Adventure Rank 16, yani ngazi ya 16 ya mchezaji. Nikacheza dakika kumi safi. Ya kumi na tano picha ikaanza kukatakata, kibodi inaunguza vidole, nikaweka Core Temp, programu ya kupima joto la prosesa, nione kuna nini, nyuzi 97! Kumbe prosesa ikifika huko inajipunguza spidi yenyewe isiungue. Alafu ndo nikasoma jina lake lote, i7-4600U, kizazi cha nne, kore (core) mbili tu, na hiyo U mwishoni maana yake ni ya kubana umeme, na kadi ya picha hamna.

Kwahiyo mi RAM na kioo sitaongelea sana, hayo kila muuzaji atakutajia. Naongelea joto, maana wanaopima hivi vitu kwenye video wengi wamekaa kwenye vyumba vya baridi, sisi huku Ngamiani kipindi cha kaskazi feni yenyewe inapuliza hewa ya moto na jasho halikauki.

Chaguo langu la kwanza ni kompyuta ya mezani, na nasema wazi mi ni mtu wa Dell. Tafuta OptiPlex yuzdi yenye i5 ya kizazi cha sita au cha saba, iwe na RAM GB 16, weka SSD kubwa (diski ya kuhifadhia) maana gemu saivi limepita GB 100, alafu chomeka kadi ya picha ya GTX 1650. Kadi hii inakula wati 75 tu na zipo zisizohitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, ila kama boksi lako ni lile jembamba lazima uchukue ile fupi (low profile), ya kawaida haiingii. Na lile boksi unalifungua kwa mkono, unapuliza vumbi, unabadilisha pesti ya kupoza prosesa mwenyewe, laptop nani atakufungulia kila baada ya miezi sita? Ubaya wake umeme ukikatika na yenyewe imezima, nunua UPS hata ndogo.

Pili simu, ila angalia chipu (prosesa ya simu) kabla ya kamera. Simu za Snapdragon 888 na 8 Gen 1 zina nguvu kwenye karatasi lakini zinachemka sana, na ikichemka inafifisha mwanga wa kioo na gemu linakuwa zito. Bora ya chini yake, Snapdragon 870, Poco F3 inayo, au 8+ Gen 1 ambayo ilihamishiwa kiwanda cha TSMC ikatulia. Vua kava ukicheza na usicheze huku unachaji. Simu za laki mbili laki tatu kwa gemu hili hapana.

Mwisho kabisa emuleta, na hapa ndo watu wengi wanadanganywa. Unaambiwa "kompyuta yako ndogo? weka BlueStacks", jamani, emuleta ni Android nzima inayotembea juu ya Windows, yani mzigo unaongezeka, haupungui. Mi niliiweka kwenye ile laptop, nikaenda BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta) kuwasha VT, ile inayosaidia emuleta kutembea, ikagonga nyuzi 90 hata gemu sijafungua. Na Genshin ina toleo lake la Windows, akaunti ni ileile, sasa emuleta ya nini?

Kinachoniuma ni wauzaji. Ukiomba uiwashe gemu nusu saa palepale dukani wanakuona msumbufu, "dada ina garantii", garantii yenyewe wiki moja na joto halimo. Niliirudisha siku ya nne nikaambiwa hiyo ni kawaida ya laptop zote. Sasa hivi naenda na flashi yenye Core Temp, naomba kiti, nakaa hapo hapo kaunta dakika thelathini, na nikikataliwa nahamia duka la pili.