Riley au Vasarely: picha ya kuchapwa ya nani utundike ukutani?

Wapenzi wa sanaa ya kuhadaa macho hawachoki kuulizana hili. Kwa bei, Victor Vasarely, msanii mzaliwa wa Hungaria, ana nafuu: alichapisha nakala nyingi kwa makusudi, akitaka sanaa iwafikie watu wengi. Za bandia nazo zipo, kwa hiyo kagua sahihi vizuri.

Kwa nguvu, kwangu mimi Bridget Riley, msanii Mwingereza, hana mpinzani. Zile picha zake 7 za mfululizo wa Fragments wa mwaka 1965, nyeusi kwa nyeupe, zilichapwa kwa skrini juu ya pleksiglasi. Kazia macho kidogo tu, maumbo yanaanza kutetemeka.

Ila plastiki hiyo huchubuka ukiifuta kwa kitambaa kikavu, na rangi za Vasarely kwenye karatasi hufifia juani. Chumba cha kupumzikia chenye kivuli kinamfaa Vasarely. Ukumbi wa kupita, Riley.