Ekzosi ya Pikapu ya Dizeli: Ununue Kipi Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Pikapu yangu hubeba vitunguu kutoka Naivasha hadi Marikiti, soko la Nairobi. Mwaka jana ilianza kunishinda kwenye mlima wa Mai Mahiu: gia ya pili, moshi mweusi, matatu zikinipita moja baada ya nyingine. Fundi wa kwanza niliyemwendea aliniuzia sailensa yenye mdomo mpana kama sufuria. Kelele ikawa ya trekta. Mlima niliupanda kwa gia ile ile ya pili.

Ndiyo maana namba moja yangu ni kitu ambacho muuzaji hatakutajia, maana hakimwingizii kitu: ziba kwanza panapovuja. Asubuhi injini ikiwa baridi, lala chini ya gari, mtu mwingine awashe. Ukisikia tik-tik upande wa manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini, na viungo vina masizi, gasketi ya kuziba hapo imekwisha. Kwa injini yenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, huo ni wizi. Moshi ndio unaozungusha tabo. Ukitoroka kabla ya kuifikia, hewa inayosukumwa ndani inapungua. Na sisi wa Nairobi hewa tayari hatuna ya kutosha: mji uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Badilisha filta ya hewa siku hiyo hiyo, kwani moshi mweusi mara nyingi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Gasketi na filta ndizo zilizonirudishia gia ya tatu, si sufuria ile.

Ukishamaliza hapo na bado una hela, namba mbili ni bomba jipya kuanzia kwenye tabo kwenda nyuma. Moshi ukitoka tu kwenye tabo bado ni wa moto sana, umetanuka, unataka nafasi. Ukibanwa hapo, tabo inachelewa kuamka. Kufika kwenye sailensa umeshapoa na kusinyaa, na ndiyo sababu kupanua mkiani peke yake hakusaidii. Kwa injini ya lita 3 inayobeba mzigo, inchi 2.5 inatosha, inchi 3 ni ya mtu atakayepanga upya kompyuta ya injini pia, la sivyo tofauti utaitafuta kwa tochi.

Kariobangi Light Industries kuna mafundi wa kukutengenezea hilo bomba, lakini simama uangalie. Kona zisiwe zimebonyea: bomba la inchi 2.5 lililopondeka kwenye kona si la inchi 2.5 tena. Lazima pawe na fleksi, kipande cha bomba kinachopinda, karibu na injini, kwa sababu injini hutikisika, na bomba lililokazwa moja kwa moja hupasuka kwenye welding. Stenlesi ichomelewe kwa gesi ya agoni, si kwa vijiti vya kuchomelea geti. Beba sumaku pia. Stenlesi ya daraja la 304 haiivuti, au inaivuta kidogo tu, ila ijaribu kwenye sehemu iliyonyooka. Ikinata sana inaweza kuwa daraja la 409, ambayo nayo ni stenlesi na inafaa, mradi usilipie bei ya 304.

Namba tatu ni seti nzima kutoka nje, hasa Australia, ambako Hilux na D-Max ni nyingi na usukani uko kulia kama wetu. Inafungwa kwa bolti bila kukata chochote. Usafirishaji na ushuru ndivyo vinavyouma, kwa hiyo naishauri tu kwa gari changa utakalokaa nalo. Hakikisha mwaka na namba ya injini kabla ya kulipa.

Ekzosi ya mtumba kutoka Japani naiweka ya nne. Nguvu haiongezi, inarudisha tu ile ya kiwandani. Chungulia ndani kwa tochi na ugonge kwa bisibisi: magari ya sehemu zenye theluji huko hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na kutu huanzia usipoiona.

Mwisho kabisa wa orodha kuna mambo mawili. Sailensa ya kelele, ambayo nimeshaitukana vya kutosha. Na ule ushauri wa "toa katalisti, toa filta ya masizi, gari itapumua", yaani vifaa vya kusafisha moshi ndani ya ekzosi. Filta ikiondolewa kompyuta hugundua, taa inawaka, na gari nyingi hujipunguzia nguvu zenyewe. Kama imeziba, isafishwe au ibadilishwe. Kuhusu kelele, kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009, na majirani wana simu.

Siku ya kufunga, mwambie fundi atoe waya wa betri kabla ya kuwasha welding, asije akaiua kompyuta. Baada ya safari mbili tatu za mzigo, rudi chini ya gari na spana, kwa sababu bolti mpya hulegea zikishapata moto na kupoa.