Pampu ya vakyumu steji mbili na geji ya maikroni, uzoefu wangu baada ya miezi minane

Wadau mafundi AC, pampu hii (inanyonya hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi) na geji (inapima vakyumu kwa maikroni, namba ikiwa ndogo ndo vakyumu nzuri) nimevinunua pamoja na nawaambia ukweli, kilichonibadilisha ni geji kuliko hata pampu.

Zamani nlikuwa nawasha pampu yangu ya steji moja, mshale wa manifoldi (zile geji za kawaida za presha ya gesi) ukilala chini kabisa nahesabu dakika 20 nafungulia gesi naondoka. Masika ya mwaka jana nikafunga AC ya BTU 18,000 ya gesi ya R410A kwa mama mmoja hapa Dar, mvua haikatiki, kompresa ikaungua hata miezi sita haijaisha. Oili nlivyoimwaga nyeusi tii, harufu ya uchachu inachoma puani. Zile oili za POE za kwenye kompresa za R410A zinavuta unyevu kama chumvi ilioachwa wazi, maji yakikaa humo na joto la kompresa inazalika asidi inakula waya za mota. Kompresa nlilipa mie, na yule mama alivyokaa na joto wiki nzima bado inaniuma.

Sa siku ya kwanza na geji, mshale umeshalala kitambo, geji inasoma maikroni 9,000! Na tunatafuta 500 kushuka. Nlishtuka kwa kweli, nkakumbuka kazi zangu zote za nyuma. Maji hayavutwi yakiwa maji, lazima yachemke yawe mvuke, na kwa nyuzi 27 yanaanza kuchemka ukifika kama maikroni 25,000, yaani mshale ukilala ndo kwanza yanachemka na wewe unafunga kazi.

Pampu yenyewe ina nguvu ila nzito kupandisha ngazi, na oili yake uiangalie kila kazi, yangu mara ya kwanza ilitoka nyeupe kama tui la nazi, nkabadilisha palepale namba ikaanza kushuka tena. Toa na vile visindano vya ndani ya valvu za mashine, weka mipira minene ya kuunganishia pampu, mie muda umepungua karibu nusu.

Ikifika 500 funga valvu ya upande wa pampu, zima pampu, subiri dakika 10. Ikipanda ikatulia kwenye 1,500 hivi bado kuna maji, endelea kuvuta. Ikipanda bila kusimama tafuta panapovuja, usiguse gesi. Na geji usiifunge kwenye pampu jamani, ifunge upande wa mashine, pale kwenye pampu itakupa namba nzuri ya uongo.