IC-7300 mezani kwangu: mkono upi ushike nobu?

Natumia Icom IC-7300, redio ya kupokea na kurusha ya sisi waredio wa ridhaa, hapa Dar, na kuhusu usikivu wake sina la kuongeza. Yameshasemwa mengi tangu ilipotoka mwaka 2016. Mimi nina habari za kiwiko, shingo na kiganja, maana ukikaa kwenye bendi ya mita 40 (masafa ya karibu megahezi 7) jioni nzima, mwili ndio unaochoka, redio wala haina habari.

Chombo chenyewe ni kidogo: upana sentimita 24, uzito kilo 4 na ushee. Skrini ya kugusa ya inchi 4.3 iko katikati na nobu kubwa ya masafa iko kulia. Wengi huiweka kulia kwa laptopu. Kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, hiyo ni kero. Ukisikia kolsaini, yaani herufi na namba za kumtambulisha mrushaji, unaachia nobu, unatafuta kalamu, unaandika, na ukirudi kusogeza masafa kidogo mwenzio ameshamaliza kutaja jina na mji wake. Yangu nimeihamishia kushoto. Kwa kuwa nobu iko upande wa kulia wa redio, inaangukia mbele ya bega la kushoto. Mkono haupiti juu ya skrini, na ule wa kulia unabaki na kibodi. Vidole vya kushoto ni vizito siku za mwanzo, ila vinazoea.

Meza nilichongesha Keko. Nilimwambia fundi aache nafasi ya kulaza mkono kutoka kiwiko hadi kiganja kabla ya kuifikia redio, na ukingo wa mbele aupige randa uwe mviringo usinikate. Alitaka kumalizia kwa vanishi ya kung'aa kama kabati la vyombo. Nikakataa. Kwa joto la Februari mkono wenye jasho unanata kwenye vanishi, na ukiubandua nobu inasogea nao. Kwenye SSB, njia ya kawaida ya kuongea kwa sauti kwenye bendi hizi, hata hezi 100 zinatosha kumfanya mtu asikike kama anaongea puani. Mbao iliyopigwa msasa tu inatosha. Isitoshe, chini ya nobu kuna kilimi cha kuikaza au kuilegeza. Mimi nimeikaza kidogo.

Skrini nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Ukigusa mchoro wa mawimbi, mguso wa kwanza unakuza eneo lile, wa pili ndio unakupeleka kwenye masafa, kwa hiyo kidole kinene hakikuponzi sana. Nguvu ya kurusha na sauti ya maiki ziko kwenye nobu ndogo ya MULTI: ibonyeze, chagua, zungusha, basi. Ila herufi ni ndogo, na toleo hili halina tundu la skrini ya nje. Mwenye macho ya miwani aivute karibu, ainyanyue kwa miguu yake ya mbele.

Kwa FT8, ambapo kompyuta ndizo zinazopeana ujumbe mfupi kupitia redio, sina maneno mengi. Waya mmoja wa USB unabeba sauti na amri zote, zamu ni sekunde 15, ukihakikisha saa ya laptopu iko sawa mikono inapumzika.

Niliagiza pia nobu ya pembeni ya USB ya kusogezea masafa, ya bei nafuu, kutoka duka la mtandaoni nisilolitaja. Inazunguka vizuri mpaka urushe kwa wati 100. Hapo inaganda, kwa sababu mawimbi ya antena yanaingia kwenye waya wake. Vile vipete vyeusi vya feraiti vya kuzuia mawimbi kwenye waya vilipunguza tatizo, halikuisha. Iko kwenye droo.

Fedha niliyoifurahia ni ya swichi ya mguu ya kuanzia kurusha, na hata si fedha nyingi: swichi ya kubofya chini ya kibao chenye bawaba, nyaya mbili hadi tundu la ACC (la vifaa vya ziada) nyuma ya redio. Maiki nimeifunga kwenye mkono wa chuma mbele ya mdomo, hivyo hakuna cha kushikilia. Kibao kiwe cha chini, kisigino kikae sakafuni, ubonyeze kwa vidole tu. Vua ndala, maana ukiwa nazo huhisi kama imeshika. Na kama nobu iko kushoto, swichi iweke mguu wa kulia. Vikikaa vyote upande mmoja kiuno kinapinda, na utakijua hicho kiuno kesho yake kwenye daladala.